Msiba tunachangiana, tarehe ya shule tunafichana

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye arobaini, nimekaa jikoni kwa watu, nakata kachumbari ya kujaza treya mbili za foili. Aliyekaa mbele yangu akimenya vitunguu ni mtu ninayemwita dada. Hatukuzaliwa tumbo moja. Undugu wetu ni wa huku Chicago: ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na koti la mtumba la Karume ambalo lisingezuia hata umande, na ndiye aliyelala kwenye kiti cha hospitali nilipojifungua. Kwa hiyo mkisoma haya, mjue namsema mtu ninayempenda.

Tukawa tunapiga soga za kawaida. Mara akasema, kwa sauti ileile aliyoombea bakuli, kwamba bintiye kapata nafasi ya chekechea shule ya magneti, zile za serikali ambazo watoto wa jiji zima wanaziomba na nafasi zinatolewa kwa bahati nasibu.

"Hongera jamani! Uliomba lini?"

"Aa, si mwisho ulikuwa Novemba? Kwani wewe hukuomba?"

Kisu changu kikasimama katikati ya nyanya.

Mwanangu na binti yake wamepishana wiki tatu. Huwa tunawakatia keki moja, majina mawili. Anajua fika kwamba wangu naye anatimiza miaka mitano kabla ya tarehe 1 Septemba, na kwamba mwaka huu ndiyo mwaka wake. Akaona sura yangu imebadilika, akasema, "Mwenzangu, nilidhani unajua."

Nilidhani unajua! Basi hiyo ndiyo iliyoniamsha saa saba usiku naandika.

Niliporudi nyumbani nilifungua grupu letu, nikapandisha, nikapandisha, mpaka Novemba. Wiki ile ya mwisho wa maombi tulikuwa na msiba, mnaukumbuka, tunasafirisha mwili. Orodha ya mchango inaanza na namba 1, mtu ananakili, anaongeza jina lake na tiki ya kijani, anabandika upya. Mwingine ananakili, anabandika. Mweka hazina wetu halali. Siku nne tu, tiketi ya marehemu imetimia na chenji ya sanda imebaki. Dada yangu ni namba 7. Mimi namba 9. Kati ya orodha na orodha kuna tangazo la dagaa wa Kigoma, kuna mtu ana vitenge vipya, kuna dua ya Ijumaa, kuna video ya mbuzi anayecheza singeli ambayo imetumwa na watu watatu tofauti. Tarehe ya kufunga maombi ya shule haimo. Na simu aliyochangia ndiyo simu aliyojazia fomu ya mtoto. Kidole kilekile.

Mama yangu yuko Tanga, nilipomweleza aliuliza, "Shule ya magneti? Ndiyo sumaku?" Tangu hapo nyumbani kwetu zinaitwa shule za sumaku. Na kweli zinavuta, ila kinachovutwa kwanza ni wenye habari.

Sasa ngoja niwaambie kilichonikera zaidi, maana wengine mtasema, "Dada yako naye kapigania mwanawe, nafasi ni chache, angekwambia angejiongezea mshindani." Na mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipokaa usiku kusoma jinsi bahati nasibu yenyewe inavyochezeshwa. Jamani. Hatukuwa washindani hata kidogo.

Iko hivi. Wakishapita wenye kaka na dada waliomo tayari shuleni, asilimia 40 ya nafasi zinaenda kwa wanaokaa ndani ya maili moja na nusu. Zinazobaki zinagawanywa sawa kwenye makapu manne, na kapu lako linatokana na mtaa unaoishi. Mitaa yote ya jiji imepangwa ngazi ya 1 hadi ya 4, kwa kuangalia kipato cha familia, elimu ya watu wazima, nyumba ngapi zinakaliwa na wenyewe, kaya ngapi zina mzazi mmoja, shule za eneo zinafanyaje, na watu wangapi nyumbani wanaongea lugha isiyo Kiingereza. (Ndiyo, mmesoma vizuri. Miaka yote hii Kiswahili changu kimenipatia Chicago kukatwa maneno na kuulizwa "pardon?", kumbe kuna mahali kinahesabiwa.)

Dada yangu kanunua nyumba, hongera zake, yuko ngazi ya 4. Mimi napanga, niko ngazi ya 2. Shule ile yeye anaiona akiwa barazani kwake. Mimi kwangu ni mbali. Yaani bintiye alikuwa kapu la jirani au kapu la 4, na mwanangu angekuwa kapu la 2. Hata ningetuma fomu mia moja, nisingempunguzia mwanawe hata chembe. Kanificha chakula ambacho hakikuwa kwenye sahani yake.

Tena afadhali angekuwa amefaidika! Uchoyo wenye faida ninauelewa, mimi ni mtu wa sokoni. Huu wa kuficha tu kwa sababu tumezoea kuficha ndio unaonishinda.

Na tumezoea. Sisi mimba tunaificha mpaka tumbo liseme lenyewe. Viza tunaificha mpaka mtu apige picha kwenye ndege. Kiwanja tunakificha mpaka bati lionekane. Nimelelewa hivyohivyo, naambiwa jambo usilitangaze kabla halijatimia, watu wana vijicho. Sawa, nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtu ana haki ya kutosema mwanawe kaomba wapi. Lakini tarehe? Tarehe ina uchawi gani? Ungebandika tu mstari mmoja, "Jamani maombi ya shule yanafungwa Novemba, unaruhusiwa kuchagua hadi programu 20," ukanyamaza na mambo yako. Nani angekuroga kwa hilo?

Kule kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya zamu, kuna mwenzangu Mmarekani ambaye mtoto wake ana miaka miwili. Miwili! Anavaa nepi. Ana jedwali lenye shule, umbali, tarehe za kutembelea, na rangi. Wapo hadi washauri wa kulipwa ambao kazi yao ni kukaa na mzazi kumpangia orodha. Nilimcheka yule Mmarekani moyoni. Sasa najua nani alipaswa kuchekwa.

Halafu kuna jambo la makapu ambalo likikuingia hulali. Kapu ni la mtaa, si la familia. Kapu letu la mitaa ya wapangaji halikai wazi likitusubiri tumalize kubandika orodha za harusi. Akija mtu mwenye shahada zake mbili akapanga mtaani kwetu kwa sababu kodi ni nafuu na yuko karibu na treni, naye yumo kapu lilelile, na yeye fomu kaijaza Oktoba. Nafasi iliyopangwa ili mtoto wa mama anayefua mashuka hotelini asiachwe nyuma inachukuliwa kihalali kabisa, mchana kweupe, bila mtu kuvunja sheria yoyote. Sisi tupo tunatuma mbuzi wa singeli.

Shule hizi hazikuanzishwa ili watu wapate la kusema kwenye pilau. Ya kwanza inayotajwa ni McCarver, Tacoma, mwaka 1968, shule iliyokuwa imejaa watoto weusi, ikawekewa mambo mazuri ili wazungu wajilete wenyewe. Chicago nayo mwaka 1980 ilikubaliana na serikali kuu mbele ya mahakama kwamba itachanganya wanafunzi wake, na rangi ikawa inahesabiwa kwenye kugawa nafasi. Mahakama Kuu ya Marekani ikabana mambo hayo mwaka 2007, makubaliano ya Chicago yakafutwa 2009, ndipo yakaja haya makapu ya mitaa. Kwa hiyo kuna watu walienda mahakamani miaka na miaka ili mtoto kama wangu awe na kapu. Na mimi nikalikosa kwa sababu ya vitunguu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, matokeo yangu ya darasa la saba aliyafuata kwa miguu. Majina yalibandikwa ukutani, nje, chini ya bati, na kila aliyekuwa na macho alisoma. Aliyefaulu alionekana, aliyefeli alionekana. Aibu ilikuwa kubwa na siitamani, na shule za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, zilikuwa za wachache mno. Ila baba hakuhitaji kumjua mtu ili ajue siku ya kwenda ukutani. Mtaa mzima ulikuwa unamwambia. Muuza maandazi alimwambia.

Mengine nayapita haraka. Kuna shule ambazo haziendi kwa bahati nasibu bali kwa mtihani, mtoto wa miaka minne anachukuliwa mkono na mtu asiyemjua, mama anabaki nje. Hilo sina hata maneno. Shule ya mtaa wetu ipo, ina nafasi yake bila maombi yoyote, na nilipoitembelea mwalimu wa chekechea alipiga magoti kumfunga mwanangu kamba za viatu, kwa hiyo msije mkadhani mtoto wangu anakwenda jalalani. Bodi ya shule za jiji yenyewe ilipitisha azimio Desemba 2023 kwamba nguvu zielekezwe kwenye shule za mitaa. Tuone. Jiji hili ndilo lililofunga karibu shule 50 kwa mpigo mwaka 2013, kwa hiyo mtaniwia radhi kama sijaanza kupiga vigelegele.

Na ndiyo, najua, nina mikono na nina simu. Ningetafuta mwenyewe. Haya.

Sasa hii sehemu nilitaka kuiruka.

Jumatatu nilimwingiza mwanangu kwenye orodha za kusubiri, maana mlango huo ulikuwa bado wazi. Kwenye shule moja ni wa 41. Jumatano nikawa chini kwenye mashine za kufulia, nasubiri nguo zikauke, simu mkononi naangalia kama 41 imekuwa 40. Akaingia jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mama wa Kikongo kutoka Uvira, na binti yake mdogo anayelingana na wangu, kabeba pakiti ya sabuni kubwa kuliko yeye. Yule mama akachungulia. "Unaangalia nini, dada?"

Nikageuza simu. Nikasema, "Mambo ya shule tu."

Mambo ya shule tu! Mimi! Siku nne tangu ya kachumbari! Na sikufikiria hata, mdomo ulijisemea wenyewe, na kidole kikazima kioo chenyewe. Mtu wa 41 kwenye foleni anaficha foleni. Nilipanda ngazi na nguo zangu mbichimbichi kwa sababu sikuweza kukaa naye chumba kimoja mashine imalize.

Jana ndiyo nikapanda kwake. Nilibeba sambusa, maana siwezi kwenda kuomba msamaha mikono mitupu, ingawa msamaha wenyewe sikuuomba, nilianza tu kueleza. Tukakaa kwenye kochi, binti yake akiparamia mgongo wangu. Nikamwonyesha tovuti, ramani, ngazi, orodha za kusubiri, na Novemba kwa ajili ya mdogo wake anayefuata. Alisikiliza vizuri sana. Huyu mama anaingia kazini uwanja wa ndege saa kumi alfajiri, mumewe anarudi kutoka kiwandani saa mbili asubuhi. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Na bisi ya watoto iko?"

Hakuna. Tangu 2023 wanafunzi wa shule za sumaku wengi hawapati basi, madereva hawatoshi, na waliopo wanapewa kwanza watoto wenye ulemavu na wasio na makazi. Nikamwambia hivyo. Akatazama saa ya ukutani, nikaona anapiga hesabu: saa kumi, saa mbili, treni, mtoto. Mimi mwenyewe hesabu hiyo sikuwa nimeipiga. Dada yangu shule iko barazani kwake, na mimi nina gari.

"Andika tu jina," akasema. "Bisi tutaona."

Tukaandika. Nami nikamwambia kwamba wakipata wote wawili, asubuhi zangu za Jumanne na Alhamisi siko kazini, naweza kuwapeleka. Siku tatu nyingine hatujui.

Usiku nikafungua grupu nikaandika yote: orodha za kusubiri bado zipo, maombi ya mwaka kesho yanaanza vuli, angalia ngazi ya mtaa wako, mwenye swali anipigie, namba yangu mnayo. Sikumtaja dada. Watu tisa wameweka dole gumba, yeye akiwa wa tatu. Mmoja kauliza kama nauza sambusa. Chini yake ikaingia orodha mpya, mchango wa kitchen party, namba 1 mpaka 14, nikanakili, nikajiandika 15.