Mahindi au mtama Nyakach: jibu liko kwenye wiki ya kuchanua

Mvua ikikatika nyanda za Nyakach na Kano, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, ushauri huwa ni ule ule: achaneni na mahindi, pandeni mtama. Una ukweli wake, lakini mara nyingi hutolewa bila sababu, na bila kutaja gharama.

Mhindi ukikosa maji, mizizi hupeleka homoni hadi kwenye majani, na vitundu vya kupumulia hujifunga. Maji yanaokolewa, ila hewa ya kaboni dioksidi nayo haiingii, kwa hiyo sukari inayotengenezwa inapungua. Majani hujikunja saa sita mchana. Yakikunjuka jioni, hasara ni ndogo. Ukipita asubuhi ukayakuta bado yamejikunja, hapo mavuno yameanza kupungua. Hata hivyo, mhindi wa kimo cha goti unaweza kukaa wiki moja au mbili kavu na bado ukapona, ingawa utakuwa mfupi.

Hatari kubwa iko kwenye wiki mbili kabla na mbili baada ya nywele kutoka. Mbelewele, yaani ua dume, huwa juu, gunzi katikati ya shina, na kila unywele ni wa punje moja. Mvua ikiwa nzuri, nywele hutoka siku mbili tatu baada ya mbelewele kuanza kumwaga chavua. Lakini nywele hurefuka kwa nguvu ya maji yaliyo ndani yake. Zikikutwa na ukame huchelewa hata zaidi ya wiki, na zikitokeza chavua imekwisha. Punje zilizobahatika kuchavushwa nazo hufa kwa kukosa sukari, zikianzia nchani. Ndiyo maana shamba linaweza kuonekana kijani likatoa magunzi yenye mapengo. Mvua ikirudi baadaye hunenepesha tu punje zilizobaki, wala mbolea ya CAN haiwezi kurudisha zilizokufa. Na ukiimwaga kwenye udongo mkavu, hukaa pale pale bila kufika kwenye mizizi.

Mtama hauna pengo hilo la siku kati ya chavua na nywele, kwa sababu ua lake lina dume na jike pamoja na kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Majani yana nta inayozuia maji kupotea. Ukame ukija mapema, mtama husimama kukua, kisha huendelea mvua ikirudi, na machipukizi ya pembeni yanaweza kutoa masuke. Ila si chuma: ukame ukiukuta suke likiwa bado limefungwa ndani ya jani, nao hupoteza punje.

Upande wa gharama ndio unaorukwa. Gadam huiva mapema na ni mtama mweupe ambao watengenezaji wa bia huutaka, lakini hauna uchungu, na ndege wanalijua hilo kuliko sisi. Kuanzia punje zikiwa na maziwa hadi kuvuna, lazima mtu awe shambani asubuhi na jioni, na siku hizi watoto wako shuleni. Seredo ya kahawia huliwa kidogo na ndege kwa ule uchungu wake, lakini uchungu huo huo huipunguzia wanunuzi. Kayongo, gugu linalonyonya mizizi, hushambulia mahindi na mtama vilevile, kwa hiyo kubadilisha moja kwa jingine hakusafishi shamba. Hapo desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ukipandwa kati ya mistari ndiyo inayosaidia. Halafu kuna ng'ombe. Mtama mchanga ulionyauka, au uliochipua upya baada ya ukame, una sumu ya sianidi inayoweza kumwua kwa muda mfupi. Usimfungulie.

Kwa maoni yangu, kuacha mahindi kabisa ni kuzidisha. Masika yana unyevu wa kutosha kwa mahindi ya miezi mitatu na nusu hadi minne, yakipandwa mvua inapoanza tu, sentimita 75 kwa 25, ili yachanue kabla mvua haijakatika. Anayeleta H614, mbegu ya nyanda za juu kama Kitale, anaurefusha muda wa mhindi kukaa shambani, na anaisogeza wiki ya kuchanua hadi mvua zinapopungua. Vuli ni fupi na huyumba zaidi, na huko ndiko ningeweka mtama, hasa kwenye udongo mweusi unaopasuka ukikauka na kukata mizizi. Lakini majirani wapande kwa wakati mmoja. Shamba moja la mtama likiiva peke yake, ndege wote wa kijiji hulimalizia hilo.