Rangi Nyeusi Nayo Ipimwe

Binti wa jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, alipakwa rangi ya nywele Alhamisi, na ndoa ilikuwa Jumapili. Jumamosi alfajiri macho hayafunguki. Kope zimevimba, paji la uso limeota malengelenge, nyuma ya masikio panatoka majimaji. Aliolewa hivyo hivyo, mtandio umeshushwa mpaka puani, na ukumbini watu wakaanza kunong'onezana habari za husuda na kijicho. Hapakuwa na kijicho. Ilikuwa rangi nyeusi ya pakiti, iliyopakwa kichwani mwa mtu ambaye hakupimwa.

Kilichonichoma zaidi ni jibu alilopewa mama yake aliporudi saluni kuuliza. Aliambiwa, "Mama, nyeusi haina shida, shida iko kwenye blichi." Maneno haya nimeyasikia kuanzia Chumbageni hadi Makorora, kwa wasusi na kwa vinyozi, na wanaoyasema wanayaamini kabisa. Ndiyo maana naandika.

Nyeusi ina shida, tena shida yake ni kubwa kuliko ya rangi nyingi. Kinachoipa weusi mara nyingi ni kemikali iitwayo p-phenylenediamine, kwa kifupi PPD, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo kemikali hiyo inavyozidi. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo: isizidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa kichwani, na kwenye ngozi kwa ajili ya urembo hairuhusiwi kabisa. Blichi inaunguza na kukata nywele, na maumivu yake unayasikia palepale ukiwa kwenye kiti. PPD inakuacha urudi nyumbani, ulale, uamke na uso mwingine siku ya pili au ya tatu.

Halafu kuna hili: "Mbona mwaka jana nilipaka na sikudhurika?" Shoga yangu, hivyo ndivyo inavyokuwa. Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza huku umeshaanza kuitambua kemikali kama adui. Mara nyingine, ya pili au ya kumi, unalipuka. Ukishafika hapo hakuna kurudi nyuma. Kwa kawaida mzio huo utakuwa nao maisha yako yote.

Na sisi watu wa pwani tunaanza mapema. Mtoto wa kike anapakwa piko mkononi Idi moja, Idi ya pili, harusi ya shangazi, harusi ya mama mdogo. Piko linalokauka haraka na kutoa ua jeusi tii mara nyingi ni unga ule ule wa rangi ya nywele uliokorogwa, unakaa juu ya ngozi laini ya mtoto wa miaka sita. Miaka ikipita, anakwenda saluni akiwa biarusi, kichwa kinavimba, na hakuna anayekumbuka lile ua la mkononi. Hina nyekundu haina neno kwa wengi wetu. Lakini hina peke yake haitoi weusi. Anayekuuzia hina nyeusi muulize ametia nini ndani, na akisita, ondoka.

Kwa hiyo kipimo. Chukua rangi ile ile utakayotumia, weka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani kama karatasi ya pakiti inavyoelekeza, kisha subiri saa 48. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakivimba, rangi hiyo si yako. Kipimo hakimalizi hatari yote, na aliyewahi kuvimba kwa rangi au piko hata kipimo asikiguse. Na kipimo ukifanye kila unapopaka, hata kama pakiti ni ile ile ya siku zote. Kama harusi ni Jumapili, rangi inaanza kuzungumzwa wiki moja nyuma, si Alhamisi jioni baada ya singo.

Najua dada wa saluni naye anaishi kwa mteja. Akimwambia arudi keshokutwa, mteja anavuka barabara anapakwa kwa jirani. Hapo lawama ni yetu pia, sisi tunaoingia na haraka zetu na kuona anayetupima anatupotezea muda. Ila yeye ndiye anayeshika brashi, na ndiye anayepaswa kukataa. Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu 2019, nami ningependa kuona kila pakiti ya rangi sokoni Mgandini ikiwa na onyo la Kiswahili, kwa maandishi yanayosomeka bila miwani.

Kwa upande wa unywele wenyewe, nakubali: kwenda kwenye weusi ni nafuu. Huhitaji blichi, developa, ile dawa ya kuchanganyia rangi, ya asilimia 3 inatosha, labda mvi sugu ndizo zitake ya asilimia 6. Rangi ya muda isiyochanganywa na developa ni nafuu zaidi, hasa kwa nywele za asili zinazokauka upesi, ingawa kwa joto la Tanga itashuka na jasho na kuchafua kola na mtandio mweupe. Nayo isome pakiti.

Wenye nywele za dawa ya kulainisha ndio nawaonea huruma, kwa sababu wanafanyiwa vyote siku moja: dawa asubuhi, rangi mchana. Dawa imeshalegeza unywele, pengine imeacha vidonda ambavyo huvioni, kisha rangi inamiminwa juu yake. Dawa itangulie, rangi ifuate baada ya wiki mbili, na kichwa kisiwe na mchubuko wowote. Nywele za dawa hunywa rangi upesi na kutoka nyeusi kuliko ulivyokusudia, basi anza na kahawia iliyokolea. Nyeusi ukiijutia, kuitoa kunataka blichi, na nywele za dawa haziihimili.

Nyusi na kope zisiguswe na rangi ya kichwani, hata kidogo. Huko ni kuchezea macho.

Kichwa kikianza kuwasha, usisubiri dakika za pakiti zitimie. Osha kwa maji mengi na shampuu mpaka maji yatoke meupe. Uso ukivimba nenda hospitali, na pumzi ikibana au midomo ikivimba kimbilia hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Pakiti usiitupe, nenda nayo, daktari aisome mwenyewe.