Dakika ishirini za Amboni

Juzi kwenye kikundi chetu cha WhatsApp mtu kaandika kuhusu mapango ya Amboni, kule Tanga: "Amboni nimefika. Hakuna kitu, dakika ishirini umemaliza." Watu wakamgongea dole gumba kama kagundua dawa ya foleni ya Mbezi.

Dakika ishirini! Umetoka Dar alfajiri, ukapita Chalinze, ukapita Segera, kilomita kama 350 makalio yamekufa ganzi, ukafika, ukapiga selfie mlangoni, ukarudi kwenye Coaster kuulizia nyama choma. Halafu unatutolea hukumu.

Sina ugomvi na nyama choma. Nina ugomvi na hizi ratiba za wikendi zinazotembezwa mjini: Amboni, ufukweni, bwawa la kuogelea, disko, vyote kwa siku moja na nusu. Mapango yanabanwa katikati ya chai na chakula cha mchana. Ukienda hivyo lazima uone shimo tu.

Pale pa kuanzia si mlangoni, ni bondeni. Shuka kwa miguu upande wa Mto Mkulumuzi, tembea polepole, tazama ukuta wa mwamba. Utaona nyufa ndefu, nyingine mizizi imeshapenya. Zikariri hizo nyufa, maana ukiingia ndani utazikuta tena, safari hii zimekuwa korido unazopita wewe mwenyewe. Aliyezipanua ni maji. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo wenye majani yaliyooza inabeba kaboni dayoksaidi na kuwa na ukali kidogo, na mawe ya chokaa hayawezi kushindana na ukali huo. Yanayeyuka, kidogo kidogo, kwenye ufa uleule. Kisha tone linaloning'inia darini linaacha utando mwembamba wa chokaa, linakuja lingine, linakuja lingine, mpaka jiwe linashuka kutoka juu na mwenzake anainuka kutoka sakafuni. Mwamba wenyewe ulitandikwa chini ya bahari enzi ya Jurasiki, miaka kama milioni 150 iliyopita. Wewe umeupa dakika ishirini, na saba kati ya hizo ulikuwa unatafuta mtandao.

Nakubali, kwa shingo upande: ndani kuna joto, popo wananuka, kuna mahali utainama mpaka kiuno kilalamike, na kati ya mapango kama kumi ni moja tu wanaloingizwa wageni. Na bila mwongozaji usijaribu. Lakini muulize basi! Watu wanamsikiliza akionyesha jiwe linalofanana na kochi na jingine linalofanana na mamba, wanacheka, wanapita. Hakuna anayemuuliza jiwe limefikaje pale.

Hadithi je? Nazipenda. Shemeji yangu wa Chumbageni anaapa kwamba pango linatokea Mombasa, na kuna mbwa wa Mzungu alipotelea humo. Waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Shemeji hajawasamehe mpaka leo.

Kinachoniuma kweli ni pale kwenye mzimu, mahali pa kutambikia mle pangoni. Watu wanaacha sadaka zao, wana shida zao, wengine wameombea mtoto. Hata kama wewe huamini, si lazima uingie na spika ya bluetooth. Ungefanya hivyo kanisani kwenu? Msikitini kwenu? Na nyie mnaochora majina ukutani, hamna aibu.

Msije mkaniambia pia kwamba watu wa Dar hawayajui mawe ya chokaa. Kule Wazo, hapa hapa Dar, tunachimba chokaa ya matumbawe na kuisaga saruji tangu miaka ya 1960. Nusu yetu tunalala ndani ya kuta zake. Tunachokosa ni subira ya kuitazama kabla haijaingia kwenye mfuko.

Na anayeona Amboni padogo, ateremke kusini, Kilwa, milima ya Matumbi, kwenye pango la Nang'oma, ambako watu walijificha wakati wa vita vya Majimaji. Nandete, kijiji ulikowaka moto wa vita hivyo mwaka 1905, ni hukohuko. Bahati nzuri hakuna bwawa la kuogelea, kwa hiyo labda kikundi kitapaacha salama.