Miaka mitatu ya uzoefu inampima nani?

Katika usaili mmoja wa msimamizi wa seva tuliwawekea waombaji seva ya Linux inayogoma kuandika faili ikidai diski imejaa, ilhali df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, inaonyesha nafasi tele. Mwombaji mwenye miaka minne kwenye wasifu wake aliiwasha upya mara mbili, kisha akaomba maji. Binti aliyekuwa na mafunzo kwa vitendo ya miezi miwili tu, na laptopu ya mtumba nyumbani, aliandika df -i, akaona inodi (nafasi za kusajili faili, kila faili hutumia moja) zimekwisha, akafuatilia mpaka kwenye saraka iliyosheheni vijifaili visivyo na kazi. Hatukumwajiri. Tangazo lilidai miaka mitatu, naye hakuwa nayo. Jambo hilo linanikera hadi leo.

Hofu ya mwajiri ya kumkabidhi mgeni seva ina msingi. Mwenye nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote kwenye mashine, haulizwi mara mbili. Amri ya kufuta, rm, ikishapita hakuna pipa la taka la kupekua. Ofisi nyingi zina msimamizi mmoja au wawili walioelemewa, na hakuna wa kumshika mgeni mkono. Akishaiva, benki au kampuni ya simu inamchukua kwa mshahara mnono. Yote hayo ni kweli.

Ila tuone kama miaka ndiyo kinga. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu mtandaoni, alikuwa akihangaika na seva ya pili ya hifadhidata iliyokuwa haifuatani na ile kuu. Akaamua kufuta saraka ya data kwenye seva ya pili ili aanze upya, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya GB 300 hivi, zilibaki 4.5. Huyu hakuwa mwanagenzi. Hifadhidata ndiyo kazi yake.

Kilichofuata ndicho ninachotaka waajiri wakisome taratibu, nao GitLab walikieleza hadharani. Walipokimbilia bakapu, yaani nakala za akiba, ghala walilodhani linapokea nakala kila siku lilikuwa tupu. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata waliotumia, na hifadhidata yenyewe ni ya 9.6, kwa hiyo kila siku ilishindwa. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikuwa zikikataliwa njiani, hakuna aliyezipata. Waliokolewa na nakala ya diski ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo sita ilipotea.

Uzoefu ulijaa chumba kizima, na hakuna aliyefungua ghala kutazama. Kwa nini? Kwa sababu kujaribu kurejesha bakapu ni kazi ya kuchosha ambayo mkongwe huiahirisha kila wiki. Ndiyo kazi ya mgeni! Mpe mashine ya pembeni, kila Ijumaa arejeshe nakala ya wiki hiyo, aandike imechukua muda gani na kimekosekana nini. Hahitaji root ya seva inayohudumia wateja. Humo atakutana na ssh (kuingia kwenye seva kwa mbali), ruhusa za faili, cron (kupangia kazi muda), diski na systemd (kuendesha huduma), na ofisi itajua kama bakapu yake inafaa.

Kuna wanaosema cheti kimalize ubishi. Mtihani wa RHCSA, cheti cha usimamizi wa Linux cha kampuni ya Red Hat, ni wa haki kuliko wa kuchagua jibu, maana unakaa mbele ya mashine, unatengeneza, na ulichotengeneza lazima kidumu hata ikiwashwa upya. Lakini ada yake ni mamia ya dola, na si kila nyumba inaimudu. VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako, na AlmaLinux, aina ya Linux ya kuweka humo, ni bure, na mazoezi ni yaleyale. Binti yule alijifunzia humo.

Kama ningeandika tangazo lile upya, ningefuta mstari wa miaka. Badala yake ningeandika: njoo na daftari la vitu ulivyoviharibu kwenye mashine yako na namna ulivyovirekebisha, utapewa seva mbovu na dakika arobaini.