TL-WR841N haiuawi na OpenWrt, inauawa na faili lisilokatwa

Mtu akisema ruta yake ya TP-Link TL-WR841N imekufa alipokuwa akiitoa OpenWrt (mfumo huria unaowekwa badala ya famuea, yaani programu ya ndani, ya kiwandani), swali la kwanza liwe: jina la faili la famuea aliloliandika lilikuwa na neno "boot"?

Nia yenyewe ya kuirudishia famuea ya kiwandani ni njema. Toleo la 9 la ruta hii lina megabaiti 4 tu za flashi (hifadhi ya kudumu) na 32 za RAM. OpenWrt 19.07 ndiyo ya mwisho kulihudumia rasmi, na matengenezo yake yalikoma 2022.

Faili lenye "boot" limetanguliziwa U-Boot, programu inayoiamsha ruta kabla ya Linux. Ukurasa wa kusasisha wa famuea ya kiwandani unajua kuitenga sehemu hiyo. Amri ya mtd, inayoandika kwenye flashi kutoka ndani ya OpenWrt, haijui. Inaandika kila ulichoipa. Hapo ruta ikiwashwa inatafuta kerneli (kiini cha Linux), inakuta U-Boot nyingine, na safari inaishia hapo. Basi kata kwanza, kwenye kompyuta (asili.bin ni faili ulilopakua, tplink.bin ni lililokatwa):

dd if=asili.bin of=tplink.bin bs=512 skip=257

Baiti 131,584 zinaondoka. Faili la baiti 4,063,744 linabaki 3,932,160, na namba hiyo ihakikishe kwa macho yako. Lisilo na "boot" usiliguse, maana ukilikata umeliharibu.

Kabla ya kuandika chochote, tazama orodha ya sehemu za flashi kwa cat /proc/mtd kwenye ruta, kisha chukua nakala ya sehemu za u-boot na art, uzihifadhi nje ya ruta. Hapa sikubaliani kabisa na wanaoruka hatua hii. Art ina vipimo vya redio ya Wi-Fi vya ruta hiyo hiyo moja, na anwani ya MAC imo ndani ya sehemu ya u-boot. Hakuna tovuti utakayozipakua zikipotea.

Peleka faili kwenye /tmp ya ruta kwa scp (amri ya kunakili faili kupitia mtandao), linganisha md5sum (namba ya kuhakiki faili) za pande zote mbili, halafu kwenye ruta:

mtd -r write /tmp/tplink.bin firmware

Tumia waya, si Wi-Fi. Umeme wenu ukikatika-katika, chomeka ruta kwenye UPS.

Ikigoma kuwaka, U-Boot ingali hai, kwa hiyo TFTP itakuokoa: ruta inalivuta faili kutoka kwenye kompyuta yenye seva ya TFTP. Ipe kompyuta anwani 192.168.0.66, lipe faili lililokatwa jina wr841nv9_tp_recovery.bin, bonyeza reset na uishikilie huku ukiwasha ruta, mpaka faili lianze kuvutwa. Kimya? Zima faiwoli. Bado? Weka swichi ndogo ya mtandao kati ya ruta na kompyuta: mara nyingi kadi ya mtandao huchelewa kuamka, na ruta haisubiri.

Mwisho kabisa, usiitafute tena ruta kwenye 192.168.1.1, anwani ya OpenWrt. Famuea ya kiwandani inakaa 192.168.0.1, jina admin na nywila admin. Rudisha kompyuta kwenye DHCP (ipewe anwani na ruta yenyewe) ndipo uifungue, na ubadilishe nywila hiyo kabla hujachomeka waya wa intaneti.