Bonne présentation: sura inalipa, lakini nani anailipia?

Wiki iliyopita binti wa shangazi alinitumia picha ya tangazo lililobandikwa ukutani kule Nyawera, mtaa wa hapa Bukavu, Kongo, wanatafuta makomersiale (wauzaji) watano, uwe na diplome ya Leta (ya serikali), ujue Kifaransa na Kiswahili, na pale chini kabisa wameandika «bonne présentation», yaani mwonekano mzuri. Akaniuliza, akiniita Yaya kama mkubwa wake: «Yaya, iyi inataka kusema nini, nikuwe musafi ao nikuwe muzuri?» Nikamwambia ukweli, ni vyote viwili, ila hicho cha pili hawatakiandika.

Hii mambo naiongea kama mtu aliyeonja. Nilifanya komersiale miaka mitatu hapa Bukavu, tukiuza taa za sola kwa mkopo, kliya (mteja) anatoa kidogo leo alafu anaendelea kulipa kila wiki. Bosi wetu alikuwa anatupanga kwa macho. Yule dada mzuri kuliko wote, nitamwita Furaha ingawa si jina lake, alimweka chini ya parasoli pale Place de l'Indépendance. Mimi na mama mmoja wa miaka kama 45, mfupi, sauti ya kukwaruza, meno ya mbele yameachana, tukatupwa Kadutu sokoni. Kuna methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwetu ilikuwa kinyume, kizuri njo kilisimamishwa barabarani tangu asubuhi, sisi wabaya tulikaa kwenye kivuli cha bikwembe (vitambaa) vya watu.

Wiki ya kwanza Furaha aliandikisha watu 31. Sisi wawili pamoja, 14. Bosi akatucheka mbele ya wote, na kusema kweli siku ile sikuwa na jibu.

Jibu upande wa bosi lipo tayari, tena si la kijinga. Mwaka 1994 wanauchumi wawili wa Marekani, Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, walichukua data za Marekani na Kanada ambazo waliokuwa wanawahoji watu waliwapa pia alama za sura. Wakakuta wale waliohesabiwa kuwa na sura mbaya wanapata asilimia 5 mpaka 10 chini ya watu wa sura ya kawaida, na wazuri wanapata zaidi ya kawaida, ila ile faida ni ndogo kidogo kuliko ile hasara. Na ndugu zangu wanaume msicheke, kwenu athari haikuwa ndogo kuliko kwa wanawake.

Hao hao wawili mwaka 1998 wakawatazama maavoka (wanasheria) waliosoma fakilte moja ya sheria, kwa kutumia picha walizopiga wakiingia shule. Miaka ilivyoenda wenye sura nzuri walikuwa wanapata pesa zaidi, na wengi wao walikuwa kwenye kazi za binafsi kuliko kazi za Leta, yaani pale ambapo kliya njo anachagua. Hii inanifurahisha kidogo juu hapa kwetu avoka anavaa toga nyeusi sawa na mwenzake, nguo imefichwa yote, sasa kinachobaki nje ni uso na mdomo.

Alafu kuna ile ya 2006, ya wanauchumi waliotuma wanafunzi kupiga hodi nyumba kwa nyumba kule North Carolina kuomba mchango. Wasichana wenye mvuto zaidi walikusanya zaidi, na tofauti kubwa ilitokea pale aliyefungua mlango ni mwanaume. Bosi wetu hakusoma hiyo kitu lakini aliijua. Mu Place de l'Indépendance wanaosimama kwa parasoli ni nani kama si wanaume wanaosubiri taksi? Kwa hiyo ukisema bosi anabagua, atakujibu yeye habagui mtu, kliya njo anabagua, yeye anahesabu tu makuta (pesa). Na hapo kumjibu si rahisi, maana kama uso unauza kweli, basi uso ni sehemu ya kazi, sawa na miguu kwa mcheza mpira.

Mimi hapo njo ninapoanza kukataa. Mwaka huo huo 2006 Markus Mobius na Tanya Rosenblat walitoa utafiti wao ambamo watu walipewa kazi ya kutatua vifumbo vya njia kwenye kompyuta, kazi ambayo uso hauna kitu utasaidia. Wazuri hawakuwa na akili kuliko wabaya, walitatua sawasawa. Lakini waliocheza kama mabosi walidhani wazuri watafanya vizuri zaidi, na cha ajabu ata waliowasikia kwa simu tu, bila kuona picha, walidanganyika vilevile, nadhani juu mtu aliyesifiwa tangu utoto anaongea bila kuogopa. Yaani sehemu ya tunachoita uzuri ni kujiamini kumeingia mpaka kwenye sauti. Sasa kwa anayetatua vifumbo hiyo ni faida ya bure, lakini kwa komersiale kujiamini njo kazi yenyewe, kwa hiyo utafiti huo huo unaweza kuvutwa pande zote mbili, na mtu mwaminifu lazima akubali.

Turudi kwa taa. Komisyo yetu ilikuwa dola 5 kwa kila taa, lakini inalipwa kliya akimaliza deni, si akiandikwa. Mwezi wa pili wale watu wa parasoli wakaanza kutopokea simu. Wengine walichukua taa juu walitaka namba ya Furaha, wakishaona hatoki nao, deni wanalisahau. Upande wetu yule mama alikuwa anajua kila aliyemwandikia anakaa wapi, mtoto wake anaitwa nani, akipita kudai anaanza na «mama, ule mutoto alipona?» na deni linatoka bila vita. Kliya akimaliza anamletea dada yake. Mwezi wa nne mama alimpita Furaha kwa komisyo, na mimi pia nilimpita, ingawa kidogo.

Bahati? Nilidhani hivyo, mpaka nilipokutana na utafiti wa 1999 wa Ahearne na wenzake juu ya delege medikali, wale wanaotembelea madaktari kuwasifia dawa. Mvuto wa delege unasaidia, lakini kadiri daktari anavyozoeana naye ile nguvu inapungua. Ukienda kwenye mafarmasi ya hapa kwetu utaona delege wa miaka mingi anaingia bila kupiga hodi, kitambi mbele, na oda anapewa. Kwa hiyo swali la «sura inalipa?» nadhani limeulizwa vibaya. Inalipa pale mnapoonana mara moja tu. Mnapoonana mara kumi inabaki kidogo sana, na kama kuna deni katikati inaweza kugeuka hasara.

Na bado kuna gharama, hii njo inaniuma zaidi. Mwaka 2016 Jaclyn Wong na Andrew Penner, wasosholojia, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya faida ya uzuri ni ya kujitunza, nywele, nguo, poda, na kwa wanawake karibu yote. Njema, kujitunza mtu yeyote anaweza. Lakini kwa bei gani? Furaha alikuwa analipwa dola 80 bila komisyo. Siku moja tulihesabu pamoja kwenye kikaratasi cha risiti: meshi na kusuka 22, kucha 5, poda na rangi ya mdomo 8. Jumla 35, kabla ya taksi. Bosi alikuwa anapata uso uliotengenezwa bila kutoa franga moja.

Alafu huo uzuri ni wa nani? Mu Kadutu muuza bikwembe mnene anaaminiwa kuliko mwembamba, wanaona huyu hana njaa, hataniibia. Kwa mabiro ya juu wanataka mwembamba na mweupe kidogo, na wasichana wanajichubua kwa ajili ya hiyo. Sitasema zaidi, ngozi zinaonekana.

Sheria? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu kuonewa kazini kwa asili yake, jinsia, maoni, imani ao hali yake ya maisha. Uso haumo. Ufaransa waliongeza mwonekano wa mtu kwenye sheria yao ya kazi mwaka 2001. Tukiiga sijui nani atathibitisha kitu, bosi atasema «hakufaulu tesiti» na imeisha.

Wala msidhani Furaha alikuwa anafaidi. Kila alipouza vizuri, wenzetu walisema ni sura, ao walisema mabaya zaidi. Alipouza vibaya, walisema amezoea kubembelezwa. Ata ile wiki ya watu 31 hakuna aliyekumbuka kwamba alikaa pale tangu saa moja asubuhi bila kula. Aliacha kazi mwezi wa saba, mama yule bado anauza, sasa ana vijana wawili chini yake.

Haya yote nilimwandikia binti wa shangazi, meseji ndefu kama hii. Akasoma, akaweka kidole gumba juu, kisha akaandika: «Aksanti Yaya. Sasa interviu ni kesho kutwa, unaweza nitumia dola 20 ya kusuka?»

Nikamtumia 25.