Mabuni wameandika majina, sisi tumesimamisha sanamu

Ndugu zangu mlioko nyumbani, mkisikia Mtanzania anaishi Okinawa, kisiwa cha Japani, huwa mnaniuliza habari za bahari na kazi. Leo nawaeleza habari za Mabuni, kusini mwa kisiwa hiki, kwenye Bustani ya Kumbukumbu ya Amani. Kila nikienda pale natoka na wazo lile lile: nchi yetu ina deni la majina kwa watu wake waliofia vitani.

Vita vya Okinawa, kati ya Wajapani na Wamarekani, vilipiganwa mwaka 1945, kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni, vikaua takriban robo ya wakazi. Mabuni ndiko jeshi la Japani lilikosukumwa mpaka likafika kwenye majabali ya ufukweni, likiwa limechanganyika na raia waliokuwa wanakimbia. Tarehe 23 Juni 1995, miaka 50 baadaye, serikali ya mkoa ilizindua pale kuta za mawe meusi, safu kwa safu, zikielekea baharini. Leo zimechongwa majina zaidi ya 240,000. Watu wa Okinawa wamepangwa kwa vijiji vyao, kwa hiyo mtu anajua aende ukuta upi kumtafuta bibi yake. Wamarekani zaidi ya 14,000 wamo humo humo, na Waingereza, Wakorea na watu wa Taiwan, askari kwa raia. Wapo wenyeji wasiopenda mchanganyiko huo, nami siwalaumu, lakini naona walioamua hivyo waliamua vizuri.

Kilichonishika zaidi ni maandishi ya aina moja. Unasoma jina la mzazi, kisha chini yake: mtoto wa kwanza wa fulani. Binti wa fulani. Hao ni watoto ambao hakubaki mtu wa kukumbuka waliitwaje. Hawakuachwa nje ya ukuta kwa sababu hiyo. Na kazi haijafungwa: kila mwaka majina mapya yanaongezwa.

Ikifika Juni 23, siku ya kuwakumbuka waliokufa katika vita hivyo, ofisi za serikali na shule hapa hufungwa. Familia zinakuja na maua, maji na chakula. Nimemwona bibi mmoja akimwagia jiwe maji, akalipangusa kwa kiganja, akapitisha kidole kwenye herufi moja moja, kisha akakaa chini na wajukuu wakala pale pale. Saa sita kamili mchana watu wote wananyamaza, na mwanafunzi anasoma shairi la amani.

Sasa turudi kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa kwenye ardhi yetu kuanzia 1914 hadi 1918, na waliokufa kwa wingi ni wapagazi. Walichukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na chakula cha majeshi ya Wajerumani na Waingereza. Waliowabebea Waingereza peke yao, wanahistoria hukadiria walikufa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa malaria, kuhara damu na njaa. Maelfu wanafanya biashara Kariakoo, mahali walipopigiwa kambi, bila kuwafikiria.

Tuna Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi aliyepigana kwamba hata akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu yote: jina hata moja la Mwafrika hulikuti. Nenda makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo, utakuta ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi. Kwa hiyo kuandika kuliwezekana. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Najua jibu litakalokuja: ile ilikuwa vita ya wakoloni, haituhusu. Watu wa Okinawa nao hawakuichagua vita yao. Waliokufa ni baba wa babu zetu, na mtu aliyeburutwa kwenda kufa anastahili zaidi kutajwa.

Si kwamba hatujui kukumbuka. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao huwekwa mnarani, na Songea kila Februari wanawakumbuka viongozi wa Majimaji walionyongwa 1906. Majumbani tunawapa watoto majina ya babu zao, jambo zuri kuliko jiwe lolote. Ila jina lililorithiwa linabaki ndani ya ukoo, halimfikii mtoto wa shule wa mkoa mwingine.

Naomba Makumbusho ya Taifa na halmashauri waanze kukusanya kijiji kwa kijiji, kama walivyofanya huku. Wazee waliosimuliwa na baba zao bado wapo, ingawa wanapungua. Pale jina lilipopotea, yaandikwe yanayojulikana: mpagazi, ndugu wa fulani, kijiji fulani. Na walioenda upande wa Wajerumani wakae ukuta mmoja na walioenda upande wa Waingereza, maana ndugu waligawanywa pande mbili. Wewe unayesoma, kama kwenu kuna babu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, muulize mzee wa ukoo wiki hii: aliitwa nani, alitoka kijiji gani, alionekana wapi mara ya mwisho. Uyaandike.